Kupima mwendo wa barafuto ya Aletsch kwa rada ya setilaiti

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mwanafunzi wa jiomatiki, jiografia au sayansi ya mazingira anayekaribia kuchagua mada ya tasnifu, na ambaye ameshavutiwa na wazo kwamba mtu anaweza kuketi mezani, Dodoma au Eldoret, akapima jinsi barafu inavyotembea juu ya mlima ulio maelfu ya kilomita kutoka alipo. Wazo hilo ni la kweli. Data hutolewa bure, programu nyingi za kuzichakata ni za bure, na ramani za kasi ya barafu zinazochapishwa hupendeza macho. Ambalo ramani hizo hazisimulii ni wingi wa namba zilizofutwa kabla hazijachapishwa, na sababu ya kufutwa kwake. Sehemu kubwa ya muda wangu wa shahada ya uzamili nchini Uswisi iliishia hapo, na hapo ndipo ninapotaka kumpunguzia mwenzangu taabu.

Nilipewa Barafuto Kuu ya Aletsch (barafuto ni mto wa barafu unaoteremka polepole mlimani), iliyoko katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Ndiyo kubwa kuliko zote katika milima ya Alps: urefu wake unazidi kilomita 20 na eneo lake ni takriban kilomita 80 za mraba. Matawi yake makubwa hukutana mahali panapoitwa Konkordiaplatz, ambapo unene wa barafu ni mamia ya mita, kisha barafu yote huteremka kwa pamoja kuelekea kusini, ikapinda kusini-magharibi, hadi mwisho wake unapoyeyuka na kuwa mto Massa, unaopeleka maji yake katika mto Rhône. Karibu na Konkordiaplatz barafu husogea kwa takriban mita 200 kwa mwaka. Kadiri inavyoshuka kasi hupungua. Msimamizi wangu aliichagua kwa sababu moja ya maana sana kwa anayeanza: ni barafuto ambayo watu wameifuatilia tangu karne ya 19, kwa hiyo kosa lolote katika hesabu zangu lingeonekana. Namshauri kila anayeanza ajifunzie mahali ambapo jibu tayari linajulikana, hata kama moyo wake uko kwenye mlima ambao haujawahi kupimwa.

Chombo nilichotumia ni Sentinel-1, setilaiti za rada za Umoja wa Ulaya zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 693 hivi. Kila moja hutuma mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 5.5 na kupokea mwangwi wake, mchana na usiku, kukiwa na mawingu au anga ikiwa safi, na kwa hali ya kawaida ya upigaji picha juu ya nchi kavu hufunika ukanda wenye upana wa kilomita 250. Setilaiti moja hurudi juu ya njia ileile kila baada ya siku 12. Zikiwa mbili, pengo hupungua hadi siku 6. Sentinel-1A ilirushwa Aprili 2014 na Sentinel-1B Aprili 2016, lakini hiyo ya pili iliacha kufanya kazi Desemba 2021, na pengo lake halikuanza kuzibwa mpaka Sentinel-1C iliporushwa Desemba 2024. Tarehe hizi si mapambo. Mtu akijenga mfululizo wa kasi tangu 2016 hadi leo bila kuzikumbuka, atakuta katikati ya grafu yake ukungu umeongezeka ghafla, na anaweza kudhani ni barafu iliyobadilika tabia, kumbe ni picha zilizopungua.

Pendekezo langu la utafiti lilikuwa limejengwa juu ya intaferometria, yaani mbinu ya kulinganisha fezi ya mwangwi wa tarehe moja na ya ule wa tarehe nyingine; fezi ni mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Sifa zake ni kubwa, na ni za haki: mwaka 1993 Richard Goldstein na wenzake walionyesha, kwa data za setilaiti ya ERS-1, kwamba mbinu hiyo inaweza kupima mwendo wa mkondo wa barafu wa Rutford kule Antaktika, na baadaye, mwaka 1995 na 1996, ERS-1 na ERS-2 zilifuatana kwa tofauti ya siku moja tu, zikaacha hazina ya picha ambazo wataalamu wa barafu wanazithamini mpaka leo. Siku moja ndiyo siri ya mafanikio hayo. Kwa Sentinel-1, badiliko la nusu ya urefu wa wimbi, yaani chini ya sentimita 3 kuelekea setilaiti au kutoka kwake, linatosha kuizungusha fezi mzunguko mzima na kuirudisha ilipoanzia. Barafu inayokwenda mita 200 kwa mwaka husogea zaidi ya mita 6 katika siku 12. Mizunguko inayopita katikati ni mingi mno, na hakuna awezaye kuihesabu. Tena uso wenyewe wa barafu katika siku hizo hunyeshewa theluji, hupeperushwa na upepo na kuyeyuka, hata mwangwi wa pili usiwe na undugu wowote na wa kwanza. Picha nilizopata zilionyesha miamba ya pembeni ikiwa na mistari safi ya rangi, na pale barafuto ilipokuwa pamejaa vumbi la rangi lisilo na maana.

Niliumia, kwa sababu pendekezo lilikuwa limeshapitishwa na lilibidi liandikwe upya. Hesabu ambayo ingeniokoa inachukua dakika chache na haihitaji kompyuta: chukua kasi inayokadiriwa, izidishe kwa siku zilizo kati ya picha mbili, kisha linganisha matokeo na uwezo wa mbinu unayokusudia. Ifanye kabla hujapakua faili hata moja.

Mbinu iliyobaki, na ambayo ndiyo hutumika zaidi kwa barafuto za milimani zinazokwenda kasi, ni kufuatilia mhamo wa pikseli. Kompyuta huchukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, pamoja na madoadoa na mipasuko yake, na kukitafuta katika picha ya pili. Umbali ambao kipande kimehama, ukigawanywa kwa siku, ndio kasi. Inaonekana rahisi, na programu ya SNAP ya Shirika la Anga la Ulaya ina kitufe cha kazi hiyo. Lakini pikseli ya Sentinel-1 si mraba. Katika data zake ghafi zaidi ina takriban mita 2.3 kwa upande ambao setilaiti hutazama, na takriban mita 14 kwa upande wa safari ya setilaiti. Ulinganishaji mzuri unaweza kutambua mhamo wa kama sehemu moja ya kumi ya pikseli, kwa hiyo kwa upande mmoja shaka yako, yaani kiasi unachoweza kukosea, ni sentimita ishirini na kitu, na kwa upande mwingine inakaribia mita moja na nusu. Ukivigeuza viwango hivyo kuwa kasi ya mwaka kwa jozi ya picha zilizopishana siku 12, ule wa kwanza unakuwa mita 7 hivi na wa pili unapita mita 40.

Sasa zingatia kwamba setilaiti hizi hupita karibu na mstari wa kaskazini na kusini, zikitazama upande wa kulia wa safari yao: zinapopanda kuelekea kaskazini hutazama mashariki, na zinaposhuka kuelekea kusini hutazama magharibi. Barafuto inayoteremka kuelekea mashariki au magharibi inajiweka mbele ya jicho lao zuri. Barafuto inayoteremka kusini inajiweka mbele ya jicho bovu. Aletsch, kuanzia Konkordiaplatz mpaka inapopinda, huteremka kusini. Hili halikutajwa katika mwongozo wowote wa programu nilioufuata, na ramani hutoka nzuri bila kujali, kwa kuwa programu huunganisha pande mbili za mhamo na kukupa kasi moja bila kusema kwamba sehemu kubwa ya namba hiyo imetoka upande wenye shaka ya mita 40 na zaidi. Sehemu ya chini, baada ya kona, ilisomeka vizuri kuliko ya juu ingawa barafu yake huenda polepole zaidi, na kwa muda mrefu sikuelewa ni kwa nini. Jibu lilikuja siku nilipochora mshale wa njia ya setilaiti juu ya ramani ya barafuto kwa kalamu na karatasi. Tangu hapo nimekuwa nikiwasihi wanaoanza waanze na mchoro huo, na watunze matokeo ya pande mbili za mhamo katika faili tofauti, kila moja na shaka yake, badala ya kubaki na jumla peke yake. Dawa ya jicho bovu ni wingi wa picha: jozi nyingi za majira yaleyale, zikichukuliwa wastani, hupunguza shaka kwa kiasi kikubwa, ingawa pamoja nayo hufuta mabadiliko ya ghafla.

Wingi wa picha ni fedha. Faili moja ya data ghafi za Sentinel-1 huwa na gigabaiti 4 hivi au zaidi, na hufunika ukanda mzima wa milima ilhali wewe unataka bonde moja. Nilinunua diski za nje na kuiongezea kompyuta yangu kumbukumbu, na gharama hizo zilimeza akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nauli ya kurudi Moshi sikukuu za mwisho wa mwaka. Kuukosa mkusanyiko wa nyumbani kwa sababu ya faili za kompyuta ni jambo lililonikaa moyoni kuliko nilivyotarajia, na nalitaja kwa sababu gharama za namna hii haziandikwi katika bajeti ya utafiti. Kwa aliyeko nyumbani anayelipia bando, njia hiyo haifai kabisa. Baadaye nilijua kwamba Alaska Satellite Facility, kituo cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, kina huduma ya bure iitwayo HyP3, ambayo hupokea majina ya picha unazozitaka, huzichakata katika kompyuta zake yenyewe na kukurudishia matokeo tu, yakiwemo ya mhamo wa pikseli yanayotengenezwa kwa programu ya autoRIFT. Unahitaji akaunti ya Earthdata ya NASA, na kuna kiwango cha kazi unachoruhusiwa kwa mwezi. Vilevile mradi wa ITS_LIVE wa NASA hutoa kasi zilizokwisha kukokotolewa kwa barafuto za dunia nzima. Ukianza na hizo utajua mapema kama swali lako lina jibu, kabla ya kutumia shilingi moja kwenye diski.

Kuna mambo mengine ya maandalizi ambayo nayapitia haraka. Jozi lazima itoke katika njia ileile yenye namba ileile. Taarifa sahihi kabisa za obiti, yaani njia ya setilaiti angani, hutolewa siku 20 hivi baada ya picha kupigwa, na kazi isiyo ya dharura iwe na subira ya kuzisubiri. Modeli ya mwinuko, yaani ramani ya kidijitali ya kimo cha ardhi, iwe mpya kadiri inavyowezekana: ile ya SRTM ilipimwa Februari 2000, na tangu wakati huo mwisho wa barafuto nyingi za Alps umeshuka kwa makumi ya mita, hivyo niliiacha na kutumia ile ya mradi wa Copernicus wa Ulaya, inayotokana na vipimo vya setilaiti za TanDEM-X vya miaka ya 2010.

Majira yanastahili maelezo marefu zaidi. Katika majira ya baridi theluji ni kavu, na mawimbi ya sentimita 5.5 huipenya bila shida kubwa mpaka yakute barafu au theluji ngumu ya zamani chini yake. Ulinganishaji hufanya kazi vizuri, na ramani hujaa. Joto linapoanza, theluji hulowa, na theluji iliyolowa humeza mawimbi ya rada. Eneo lote la juu la Aletsch, lile linalolisha barafuto, hugeuka giza katika picha na kupoteza alama zote. Sasa, wakati huohuo ndipo maji ya kuyeyuka hupenya hadi kitandani mwa barafuto, hupunguza msuguano kati ya barafu na mwamba, na kuiongezea mwendo. Kwa maneno mengine, wiki ambazo mtafiti angependa kuziona kuliko zote ndizo wiki ambazo rada hii huziona kwa shida kuliko zote. Mwisho wa barafuto, ambapo theluji huisha mapema na barafu tupu yenye mipasuko na mistari miwili myeusi ya mawe hubaki wazi, huendelea kusomeka, na kwa sehemu hiyo nilisaidiwa pia na picha za kawaida za Sentinel-2 katika siku zisizo na mawingu. Kwa sehemu ya juu sikuwa na chochote. Mfululizo wangu wa kwanza ulionyesha kasi ya mwaka mzima, na ulipendeza, mpaka msimamizi aliponiuliza miezi ya Juni na Julai imetoka wapi. Ilikuwa imetoka katika programu, iliyojaza mapengo yenyewe kwa kukadiria kutoka jirani. Niliyafuta makadirio yote na kuacha mapengo. Grafu iliyobaki ilikuwa na matundu, nami niliionea aibu kwa siku kadhaa, lakini ndiyo iliyoingia katika tasnifu.

Namna ya kujua ni nini cha kufuta ni mwamba. Mwamba wa pembeni mwa barafuto hauendi popote, kwa hiyo mhamo wowote ambao kompyuta inaupata juu yake ni kosa, na ukubwa wa kosa hilo ndio makadirio ya haki ya shaka iliyo juu ya barafu. Kila jozi niliipima kwanza kwa mwamba: kama mwamba "ulitembea" mita 60 kwa mwaka, jozi hiyo haikuwa na haki ya kunieleza habari za barafu inayotembea mita 80. Hii ndiyo kanuni ninayoithamini kuliko zote nilizojifunza. Lakini nayo ina mtego wake, na Aletsch ni mahali pazuri pa kuufahamu. Upande wa kushoto wa mwisho wa barafuto kuna mteremko wa Moosfluh. Barafu iliyokuwa ikiuegemeza mteremko huo imepungua sana, na mlima, uliokosa egemeo, umekuwa ukiporomoka polepole. Katika vuli ya mwaka 2016 sehemu yake iliongeza kasi kwa namna iliyoleta mipasuko mikubwa ardhini na kulazimu njia za watembeaji kufungwa. Kituo cha gari la kamba kilichoko pale juu kilijengwa kwa namna inayoruhusu kusogezwa kadiri ardhi inavyohama. Katika ramani yangu, mteremko huo ulikuwa umo ndani ya eneo nililoliita tulivu, kwa kuwa mipaka ya barafuto niliyoitumia hutenga barafu na kisicho barafu, wala haitengi mlima uliotulia na mlima unaoporomoka. Jozi za vuli ya 2016 zilikuwa zikionyesha shaka kubwa isiyoelezeka, na nilikuwa karibu kuzitupa zote. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba eneo fulani ni mwamba uliotulia, soma jiolojia yake, na uwaulize wanaoishi pale.

Ukubwa wa kipande kinachotafutwa nao huamua mengi. Kipande kikubwa hupata jibu la uhakika, lakini kikiwa na upana wa mita 600 na barafuto ina upana wa kilomita moja na nusu, kingo zote za barafuto huchanganywa na mwamba na kasi yake hushushwa kwa uongo. Kipande kidogo huheshimu kingo ila hupotezwa na madoadoa. Kwa barafuto yenye upana chini ya nusu kilomita, na nyingi katika Alps ni za namna hiyo, hakuna chaguo la kuridhisha kwa Sentinel-1. Ongeza hapo kwamba rada hutazama kwa kuinama, katika nyuzi kati ya 29 na 46 hivi kutoka wima, kwa hiyo miteremko mikali inayoikabili hulaliana katika picha, kilele kikaangukia juu ya bonde, na ile iliyo nyuma yake hufunikwa na kivuli. Mahali hapo hakuna data, hata programu ikichora rangi.

Mambo hayo yote yalikuwa kwangu ya kitaaluma mpaka tarehe 28 Mei 2025, nilipokuwa katika sura ya matokeo. Siku hiyo barafuto ya Birch iliporomoka na kukifunika kijiji cha Blatten katika bonde la Lötschental. Bonde hilo liko upande wa pili wa Lötschenlücke, kipito cha mlimani ambacho ndicho mwanzo wa tawi la magharibi la Aletsch. Katika picha zangu lilikuwamo siku zote, pembeni, nami nilikuwa nikilikata ili faili ziwe ndogo. Mawe yaliyokuwa yakianguka kutoka kilele cha Kleines Nesthorn yalikuwa yameirundikia barafuto hiyo ndogo uzito mkubwa, na katika siku za mwisho mwendo wake ulifikia takriban mita 10 kwa siku. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa tangu tarehe 19 Mei. Mtu mmoja alipoteza maisha, na karibu kijiji chote kilizikwa.

Sikulala vizuri majuma yale. Nilizifungua picha nilizokuwa nazo, nikauliza kama kazi kama yangu ingeweza kuona. Kwa siku za mwisho jibu ni hapana, na sababu zake zote zimeshatajwa hapo juu: barafuto ni ndogo na ina mteremko mkali, theluji ya Mei imelowa, na kitu kinachobadilika kwa saa hakiwezi kufuatwa na jicho linalofumbuliwa mara moja kwa siku 6 au 12. Waliookoa watu wa Blatten ni waangalizi waliokuwa wakiutazama mlima huo kwa macho yao, kwa kamera na kwa rada iliyosimikwa ardhini, pamoja na mamlaka zilizowaamini na wakazi waliokubali kuondoka. Setilaiti ina kazi nyingine, nayo ni kubwa: kuonyesha, miongoni mwa maelfu ya barafuto zisizo na mwangalizi, ni ipi imeanza kubadilika kwa miezi au miaka. Katika milima ya Aru, magharibi mwa Tibet, barafuto mbili jirani ziliporomoka mwaka 2016, ya kwanza Julai 17 na ya pili Septemba 21, na ile ya kwanza iliua wachungaji 9 pamoja na mifugo yao. Picha za setilaiti zilizochunguzwa baadaye zilionyesha kwamba barafu yake ilikuwa imeanza kuhama kutoka juu kwenda chini isivyo kawaida miaka kadhaa kabla. Habari ilikuwepo angani. Aliyekosekana ni wa kuitazama. Baada ya Blatten niliongeza katika tasnifu ramani ambayo haikuwa katika mpango: inaonyesha kwa rangi moja tu mahali pote ambapo mbinu yangu haiwezi kusema lolote. Naiona kuwa ramani yenye manufaa kuliko ile ya kasi, kwa kuwa ofisa wa tahadhari anayeiangalia ataona ni mabonde gani hayapaswi kuachiwa setilaiti.

Nyumbani naulizwa kila mara kwa nini sikupima Kilimanjaro. Swali ni la haki, nami nimekua nikiitazama Kibo, kilele chake, kila asubuhi isiyo na mawingu. Barafu yake ilipungua kutoka zaidi ya kilomita 11 za mraba mwaka 1912 hadi chini ya kilomita 2 za mraba mwaka 2011, imekatikakatika vipande, na inatoweka zaidi kwa kingo zake kurudi nyuma na uso wake kushuka kuliko kwa kutiririka. Mwendo mdogo uliopo umo ndani kabisa ya shaka ya mbinu hii. Pale panafaa vijiti vya kupimia, picha za anga na watu wa kupanda, na atakayekuletea ramani ya Sentinel-1 yenye kasi ya barafu ya Kibo, mwombe kwanza akuonyeshe kasi aliyoipata juu ya mwamba. Ujuzi wenyewe haupotei kwa kukosa barafu. Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, wa tarehe 22 Mei 2021, intaferometria ya rada ndiyo iliyoonyesha jinsi ardhi ilivyohama katika eneo la Goma na mpakani mwa Rwanda, na hapo mbinu ile ninayosema ilinikatalia Aletsch ilifanya kazi barabara, kwa sababu mwamba mkavu hauyeyuki kati ya picha mbili.

Kwa anayeanza sasa, hali ni nzuri kuliko nilivyoikuta. Sentinel-1C imerudisha uwezekano wa jozi za siku 6. NISAR, setilaiti ya NASA na shirika la anga la India, ISRO, iliyorushwa Julai 30 mwaka 2025, inatumia mawimbi marefu ya sentimita 24 hivi pamoja na mengine mafupi zaidi, na mawimbi marefu hustahimili mabadiliko ya theluji kuliko yale ya sentimita 5.5. Chagua barafuto yenye upana wa kilomita moja au zaidi, inayoteremka mashariki au magharibi, iliyo na vipimo vya ardhini. Anza na jozi za Januari na Februari. Weka mwamba wako mapema, uuchunguze, na uamue kiwango cha shaka ambacho juu yake utaitupa jozi, ukiandike kabla hujaona ramani ya kwanza, maana ukishaiona ramani nzuri ni vigumu sana kuitupa.